Bokoboko la Rabiata

Hapa Marodoka, kijiji chetu kisiwani Nosy Be, mtu akipika bokoboko likatoka laini, likavutika kwenye mwiko bila kukatika, watu husema, "Hili ni la Rabiata." Nimelisikia neno hilo tangu nikiwa mwanamke kijana, na kila nikilisikia hasira hunipanda. Wanaolisema hawajui wanasema nini. Baba yangu alipokuwa hai nilifunga mdomo kwa ajili yake. Sasa amekufa, Mungu amrehemu, na nimechoka kunyamaza.

Rabiata ni shangazi yangu, dada wa baba yangu Djaffar. Walizaliwa hapa hapa, katika nyumba ya mawe ambayo nusu yake imeshaanguka na nusu nyingine inafikiria. Baba yao alitoka Ngazidja, kule Komoro. Mama yao, Mariama, ambaye sisi wajukuu tulimwita Koko, alikuwa wa zile familia ambazo ukiuliza zilitoka wapi utatajiwa Waarabu, Wasakalava na watu wa Mrima, na kila anayetaja ana mpangilio wake. Nyumbani tulisema Kisakalava, na Kikomoro wazee wakiwapo. Kiswahili kilibaki kwenye bei, dua na mambo ya bahari. Hiki ninachoandikia nilikipata ukubwani kwa marehemu mume wangu, mtu wa Unguja, na makosa yaliyomo mumlaumu yeye.

Shangazi alikuwa mdarizi. Alijifunza Nosy Komba zile darizi za kukata tundu kwenye kitambaa cheupe na kuzishona kingo zake, kazi ya kuumiza macho. Akaolewa na Madi, fundi wa boti, wakahamia Mahajanga, mji wa bandari ng'ambo, mtaa wa Mahabibo, wakaweka mlango wa nakshi ambao Madi aliuchonga mwenyewe. Ndipo ikaja Desemba ya mwaka 1976, Wakomoro wakauawa katika mitaa waliyokuwa wamezaliwa. Sitazisimulia siku zile. Walioziona hawataki kukumbushwa, na ambao hawakuziona watasema natia chumvi.

Walionusurika walipelekwa Komoro, wengi kwa ndege, na huko wenyeji wakawabandika jina la shirika la ndege iliyowabeba, kana kwamba walikuwa mizigo. Madi alipanda. Shangazi hakupanda. Alisema yeye amezaliwa Nosy Be, arudishwe wapi? Alirudi Marodoka na nguo aliyovaa, akaketi barazani kwa mama yake, akaendelea kudarizi. Baada ya mwaka mmoja au zaidi tukasikia Madi ameoa Moroni. Shangazi aliuliza jina la mke tu, basi.

Mwaka 1979 alikuja Injinia Ratovo. Alikuwa mtu wa nyanda za juu, mwembamba, mwenye kofia ya majani iliyomkaa vibaya, na alifanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo nje ya Mahajanga, upande wa bonde la mpunga. Alikuja Nosy Be kwa shughuli zake nyingine, akaona sokoni Hell-Ville kitambaa cha meza cha shangazi. Akakigeuza upande wa nyuma, akakiangalia kwa muda mrefu, kisha akauliza mwenyewe yuko wapi. Alifika Marodoka kwa miguu, akasimama mbele ya baba yangu akasema, "Nimekuja kuomba vidole vya dada yako." Baba alitaka kumtoa kwa fimbo.

Alichotaka kilikuwa hiki. Mkate wa mjini ulikuwa wa unga wa meli, na meli zilikuwa zimeanza kuchelewa. Ngano ya nchi hii hulimwa kule juu kwenye baridi. Ratovo alikuwa na wazo kwamba hata kwenye joto la Mahajanga ingewezekana kuipanda baada ya mpunga kuvunwa, katika ile miezi michache ambayo upepo hupoa, ikiwa itapatikana ngano isiyozimia jua likirudi. Haikuwepo. Ilibidi kuitengeneza, kwa kuziozesha, kama bibi na bwana, ngano za nchi za joto na za kwetu, suke kwa suke, kwa mkono. Wafanyakazi wake walikuwa na mikono ya jembe, wakiyavunja masuke kama vijiti. Wakubwa wake walimcheka. Kulima ngano Mahajanga, walisema, ni kama kufuga samaki barazani.

Shangazi alimkatalia. Mara ya pili akamkatalia tena. Mara ya tatu akakubali, na Koko alipomuuliza kwa nini anarudi katika mji uliomtapika, akasema, "Nataka kuuona mlango wangu." Nikapelekwa naye ili asikae peke yake. Mimi ndiye Sittina, binti mkubwa wa Djaffar, nilikuwa nimeshajua kushona nguo, na mjini fundi wa nguo hakosi kazi.

Mlango tuliuona wiki ya kwanza. Ulikuwa umehamia nyumba ya jirani, umepakwa rangi ya buluu. Jirani mwenyewe alitoka, akamtambua shangazi, akamsalimia vizuri kabisa, akaulizia afya ya mama. Shangazi akamjibu, "Hajambo." Tukaenda zetu.

Kazi ya ngano niliiona mara nyingi kwa sababu nilikuwa nikimpelekea chakula. Ua la ngano mtu wa kawaida hajui hata kama lipo. Shangazi alikaa kwenye kigoda kati ya mistari, suke mkononi likiwa bado kijani, akakata ncha za maganda kwa mkasi mdogo, akaingiza kibano ndani ya kila kiua na kutoa vile vijifuko vitatu vya chavua kabla havijaiva. Kimoja kikibaki, suke linajizalia lenyewe na kazi yote ni bure. Akimaliza, analivika suke mfuko wa karatasi. Siku chache baadaye anafungua, anapukutishia chavua ya suke la baba aliyechaguliwa, anafunga tena. "Nimekuwa kungwi wa majani," aliniambia, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akifanya utani tangu alipoikimbia Mahajanga.

Miaka ilikwenda hivyo. Mbegu zilipandwa, zikaota, zikachanua, halafu jua likarudi mapema na punje zikasinyaa. Mwaka mwingine ukungu wa majani ulifagia shamba zima. Ratovo alikuwa akitembea kati ya mistari akitukana kwa Kifaransa, kisha anaomba radhi. Mistari ilipunguzwa, iliyobaki ikaozeshwa tena. Msimu mmoja upepo wa moto ulivuma kabla punje hazijajaa, ngano yote ikabadilika rangi ikawa kama kamba kuukuu, isipokuwa mstari mmoja upande wa mfereji. Ratovo alidhani mstari ule ulipata maji ya wizi. Akaupanda mwaka uliofuata mahali pakavu kuliko pote. Ukasimama tena. Punje zake zilikuwa fupi, ngumu, nyekundu kidogo.

Alimwita shangazi pale shambani. Nilikuwepo na bakuli langu la wali. Akasema, "Mama Rabiata, mbegu ikikubaliwa hupewa jina. Hii itaitwa Rabiata. Nimeshaamua, na wakubwa wakibisha nitawaambia waziozeshe wao wenyewe."

Shangazi alipokea bakuli lake, akala, tukarudi nyumbani. Huko akakaa kitandani akavua viatu, akacheka, kisha akalia, kisha akacheka. "Walisema sisi hatuna mizizi hapa," akasema. "Mlango wangu anaufunga yule. Sawa, aufunge. Lakini asubuhi atasimama foleni na fedha yake mkononi kununua mkate wa Rabiata, na watoto wake watakua kwa huo." Tangu siku hiyo hakutaka kitu kingine. Hakutaka kuolewa, ingawa walikuja. Hakutaka mlango tena. Alitaka jina lake lipandwe katika ardhi ya Mahajanga na lisiweze kupandishwa ndege.

Mavuno ya mwaka 1983 yalitoa mbegu ya kutosha gunia dogo. Mwezi Mei uliofuata zilitakiwa kupandwa katika mashamba makubwa mbele ya wakaguzi, na zikifaulu, jina lingeandikwa rasmi. Aprili kikaja kimbunga. Kiling'oa bati la ghala la kituo na kulitupa mtoni, mvua ikanyesha ndani ya ghala kama uani. Ratovo alikuwa Antananarivo. Shangazi alipofika, mbegu nyingine zote zilikuwa zimelowa na kuanza kuchipua. Gunia lile moja lilikuwa juu ya kabati, chini ya turubai, kavu. Alilibeba kichwani mpaka nyumbani kwetu, na nyumba yetu nayo haikuwa na paa.

Mji wote ulikuwa majimaji. Simu zimekufa, posta imefungwa. Shangazi alizianika punje juu ya jiko la mkaa, akizigeuza kwa kiganja ili zisipate moto, kisha akazishonea ndani ya kitambaa chake cheupe cha kudarizi, mshono juu ya mshono, unyevu usipite. Bandarini kulikuwa na boti ya Nahodha Chaehoi inayokwenda Hell-Ville. Kule kwetu kimbunga kilikuwa kimepita pembeni na dari ya nyumba ya Koko ilikuwa kavu, ndipo walipokuwa wakihifadhi vanila zamani. Shangazi akamwambia Chaehoi, "Mpe Djaffar mkononi mwake. Aliweke darini, lisiguswe mpaka nije." Chaehoi alikuwa mtu mwaminifu. Sijawahi kumlaumu, ingawa nimejaribu.

Sasa lazima nieleze jambo ambalo mtu wa kwetu haelezwi. Mazishi ya kwetu yana arubaini, na arubaini ina hitima, na hitima ya watu wanaojiheshimu ina bokoboko, yaani ngano nzima iliyotwangwa ikapikwa na nyama mpaka zikawa kitu kimoja, na samli juu. Binti aliye mbali, mama yake akifa, huleta ngano. Huituma ikiwa imeshonewa katika nguo nyeupe. Haina haja ya salamu wala maelezo, na anayeipokea haulizi, maana kuuliza ni kama kumtilia shaka mfiwa. Kwetu, ngano ya punje haina kazi nyingine. Haijapata kuwa nayo. Na miaka ile ngano haikuonekana dukani kabisa, watu walikuwa wakipika bokoboko la mchele, na Koko akilionja alikuwa akisukuma sahani. "Mkinihitimia kwa mchele," alikuwa akisema, "nitajua."

Koko alikufa siku mbili kabla boti ya Chaehoi haijatia nanga. Sisi Mahajanga hatukujua lolote.

Chaehoi alifika mlangoni na gunia jeupe begani, akakuta wanaume wamekaa mkekani wanasoma. Alichokifikiri ndicho ambacho kila mmoja pale alikifikiri. Na hata kama maneno ya dari yalikuwa bado mdomoni mwake, nani anaingia msibani na kuanza kutoa amri za kuhifadhi mizigo? Aliweka gunia mbele ya baba yangu, akasema, "Kutoka kwa dada yako," akakaa, akasoma Fatiha. Baba alilikumbatia lile gunia na kulia mbele za watu.

Boti iliporudi Mahajanga, Chaehoi alituletea habari ya kifo. Alisema pia, "Djaffar amelipokea kwa mikono miwili." Shangazi alijifunika uso kwa leso. Baadaye aliniambia jambo ambalo lilimsumbua kuliko msiba wenyewe: kwamba aliposikia mama amekufa moyo ulimpasuka, na aliposikia gunia limefika moyo ukatulia, na vyote viwili vilitokea katika pumzi moja.

Chaehoi hakuwa na safari nyingine ya Hell-Ville karibuni, na barabara zilikuwa zimekatwa. Tulisafiri kwa vipande vipande, hapa lori, pale kwa miguu kuvuka daraja lililokwenda na maji, na tulifika Antsahampano, penye kivuko cha Nosy Be, asubuhi ya siku ya arubaini yenyewe. Maji yalikuwa yamekupwa. Pantoni imelala kwenye tope, na mwenye pantoni anakula mihogo. Shangazi alikuwa anahofia kukosa dua ya mama yake. Hakuwa na hofu nyingine. Alikuwa ananiambia tutalishusha gunia, tutalala usiku mmoja, tutarudi nalo, Mei haijaisha.

Tulifika Marodoka alasiri. Baba alitoka kumpokea dada yake uani, amevaa kanzu, macho yamevimba. Akamshika mikono yote miwili.

"Dada," akasema, "mimi nilimtia udongo tu. Wewe ndiye uliyemzika mama."

Shangazi hakuelewa. Kisha harufu ya samli ikatufikia, na nikamwona akielewa. Rangi ilimtoka usoni kuanzia midomoni.

"Lote?" akauliza.

"Lote. Sikubakisha hata punje, tusije tukasemwa. Watu wamekuja mpaka kutoka Nosy Komba. Dada, wazee wanasema hawajala kitu kama hiki tangu Wafaransa walipokuwapo. Ngumu kuitwanga, lakini jikoni ikayeyuka. Umetoa wapi ngano kama hii?"

"Mahajanga," shangazi akasema.

Sinia ililetwa mbele yetu. Nikafungua mdomo, nilikuwa na maneno mengi sana ndani yake. Shangazi akanishika goti, akalibana mpaka nikaumia. "Kula, Sittina," akasema. Akanawa, akasema bismillahi, akala. Alikula polepole, tonge kwa tonge, mpaka akafuta sinia kwa kidole, na wanawake waliokuwa wakimtazama walilia kwa furaha kuona binti anavyomheshimu mama yake. Hakuna aliyejua alichokuwa anakila. Hata mimi, Mungu anisamehe, nililiona tamu.

Asubuhi yake alikwenda peke yake uani, akainamisha kinu, akapekua pumba. Kuku walikuwa wametangulia.

Nilimwambia, nakwenda kumwambia baba sasa hivi. Akanizuia. "Umwambie nini? Kwamba amemhitimia mama yake kwa mali ya watu? Arubaini ya Koko itakuwa kichekesho mpaka kiama, na Djaffar hatainua tena kichwa msikitini. Yeye alifanya lililo sawa. Angeacha kulipika ningemwona si mtoto wa mama yangu." Nikamuuliza, na wewe je? Akasema, "Mimi nimekasirika mpaka sioni. Lakini sina wa kumkasirikia."

Mimi nilikuwa nao wa kuwakasirikia. Nilikuwa na orodha nzima kichwani, kuanzia kimbunga mpaka yule mwenye pantoni na mihogo yake.

Tulirudi Mahajanga ili amwambie Ratovo. Angeweza kusingizia kimbunga, hakuna ambaye angejua. Hakusingizia. Alisimama mbele ya meza ya Ratovo, katika ofisi iliyobaki bila paa, akamweleza yote, hitima, kitambaa, kinu. Ratovo alisikiliza kwa kofia mkononi. Alizeeka pale pale. Alikuwa mtu mwema, nataka hilo lieleweke. Alikuwa amegawana naye mchele wake miaka ya njaa, hakuwahi kumwita kwa sauti ya juu. Akasema, "Mmeila. Mmeipika na nyama." Kisha akasema, "Ninyi Wakomoro..."

Hakuendelea. Ninaamini hakuwa na kitu kibaya cha kuendelea nacho. Lakini maneno hayo mawili shangazi alishayasikia katika mji ule, na alijua kilichoyafuata. Alitoa kibano mfukoni, akakiweka mezani, akamwambia, "Asante kwa yote, Injinia." Ratovo alitufuata mpaka barabarani akimwita jina lake. Hakugeuka.

Mbegu zilizolowa zilipandwa, hazikufika popote. Fedha za majaribio hazikuja tena, kituo kikarudi kwenye mpunga, Ratovo akahamishiwa nyanda za juu. Mahajanga bado inakula unga wa meli. Shangazi alirudi barazani Marodoka na sindano yake. Hakuna aliyemuuliza kwa nini ameacha kazi ya serikali. Waliona amerudi kukaa karibu na kaburi la mama, wakamsifu kwa hilo pia.

Na jina likaanza. Kwanza walisema "bokoboko kama lile la Rabiata." Halafu "bokoboko la Rabiata" tu. Kila msibani, kila harusini, yeye amekaa pale, anasikia. Baba ndiye aliyelitangaza kuliko wote. Hakuchoka kusimulia jinsi dada yake alivyotuma ngano katikati ya kimbunga, na shangazi alikuwa akiinamisha kichwa, watu wakidhani ni haya.

Baba alikufa mwaka jana. Siku hizi ngano imejaa maduka ya Hell-Ville, nyeupe, ya kutoka sijui wapi. Kwenye arubaini yake sufuria zilisimamiwa na Rahamatou, mke wa mdogo wangu, msichana wa Ambanja aliyeolewa juzi tu. Shangazi sasa ni mzee, wote wanamwita Koko, na vijana wengi hawajui kama ana jina lingine. Rahamatou alimletea sahani ya kwanza kwa heshima, akapiga magoti.

"Onja, Koko. Wananiambia nimelipata, eti limekuwa la Rabiata kabisa." Akasogea karibu, akauliza kwa sauti ya chini, "Huyo Rabiata alikuwa nani?"

Nilimtazama shangazi. Alionja, akatafuna kwa muda mrefu kwa meno machache aliyobaki nayo.

"Ilikuwa mbegu ya ngano, mwanangu," akasema. "Ya Mahajanga. Ilivumilia jua."

Kisha akairudisha sahani, akasema hili si la Rabiata.